Jino Lipi? Safari Yangu ya Homa Bay

Niliondoka Isebania kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kwenda. Kituo chetu cha afya kilikuwa kimeombwa kutuma mhudumu mmoja Homa Bay akafunzwe kutambua mapema saratani za watoto, na wenzangu wote walikuwa wamebanwa na zamu. Mimi nilikuwa nimehitimu utabibu juzi juzi. "Boke ataenda," mkubwa wetu alisema, "na akirudi atatufundisha sote." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Je, nikikumbuka vibaya, na mtoto wa mtu akaumia kwa ajili ya kumbukumbu yangu?

Asubuhi ya safari mama alinisindikiza hadi barabarani, akanipa ndizi za njiani. "Usiwaze sana," aliniambia, kama anavyoniambia tangu darasa la kwanza.

Migori nilibadilisha gari. Kufika Rongo nilikuwa nimeshapanga namna nitakavyochekwa, Mkuria asiyejua Kijaluo hata cha salamu. Baada ya Rodi barabara iliteremka, na ziwa likaonekana chini, tulivu na la kijivu, huku kilima cha Asego kikisimama juu ya mji. Nilitulia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimebeba taulo.

Homa Bay nilipokewa na Mama Atieno, shangazi wa mwenzangu wa kazini. Anauza samaki sokoni na anaishi na mjukuu wake wa miaka mitano, Awino, ambaye mama yake anafanya kazi Nairobi. Awino alijificha nyuma ya leso ya nyanya yake akanichungulia.

"Daktari wa Isebania, karibu," alisema Mama Atieno. "Kwenu mnakula samaki ama ni nyama tu?"

"Tunakula, mama. Ila miiba huwa inanitisha."

"Yawa! Daktari anaogopa mwiba!" Alicheka mpaka jirani akatokea mlangoni kuuliza kuna nini.

Siku ya kwanza ya mafunzo tulikuwa wauguzi na matabibu wa vituo vidogo. Mkufunzi wetu, Sista Perpetua, amehudumu miaka mingi katika wodi ya watoto wenye saratani. Alitufundisha kutazama weupe ndani ya mboni ya jicho, na kugusa polepole tumbo lililovimba, bila kulibonyezabonyeza. Kisha akafika kwenye taya. Katika sehemu hizi za ziwa, alisema, kuna saratani inayovimbisha taya la mtoto na kulegeza meno. Hukua upesi sana, lakini ikiwahiwa, dawa huiweza.

Muuguzi mmoja kutoka Macalder, Odhiambo, aliinua mkono. "Sista, mtoto wa miaka sita jino likilegea, mama anafurahi. Nikimwambia ni saratani atanifukuza."

Tulicheka. Sista naye alicheka. "Na atakuwa na haki ya kukufukuza. Kwa hiyo usianze na saratani. Muulize, jino lipi? Meno ya utoto huanza kutoka mbele. Ukiambiwa ni gego, na shavu limefura, huyo mpeleke hospitali, na mtu asiling'oe."

Jioni hiyo nilijiona mgonjwa wa kila kitu. Nilikuwa nimejipapasa shingo chooni, nikamulika mboni zangu kwenye kioo. Kwa hiyo tulipokaa kula, na nikaona Awino anatafuna upande mmoja, niliona aibu kwanza. Nilijiambia, Boke, umefundishwa leo tu, tayari unamtafutia mtoto wa mwenyeji wako ugonjwa.

"Huyu anakua haraka," Mama Atieno alisema, akimtolea samaki miiba. "Ameanza kubadilisha meno na shule hajaanza. Angalia vile imefura hapo, jino inataka kutoka. Kesho kuna mtu wa meno sokoni, ataitoa."

Niliacha kutafuna. Nilifikiria kungoja nimuulize Sista kwanza. Lakini Mama Atieno hutoka nyumbani kabla ya jua.

"Mama," nilisema, "ni jino lipi?"

Awino alifungua mdomo kwa fahari, akalitikisa kwa ulimi. Lilikuwa la nyuma kabisa. La pembeni yake nalo lilicheza.

Mama Atieno aliacha samaki. "Kwani nini?"

"Sijui, mama. Najua tu kwamba hayo hayakupaswa kulegea sasa. Tafadhali yasing'olewe. Kesho twende hospitali pamoja."

"Nyathina, mtoto wangu, unaniogopesha."

"Mimi pia naogopa."

Alimvuta mjukuu wake mapajani. "Ni kansa?"

"Inaweza kuwa. Inaweza kuwa jipu. Ni vipimo vitakavyosema."

Alinisogezea sahani. "Basi kula," alisema. "Kesho tutaenda."

Asubuhi tulikwenda watatu. Sista Perpetua alimwangalia Awino, akampeleka mwenyewe kwa daktari wa watoto. Mtoto alilazwa siku hiyo hiyo, akachukuliwa vipimo. Mimi nilirudi darasani lakini sikusikia mengi.

Siku ya kurudi nilipitia wodini kuaga. Majibu yalikuwa hayajatoka. Mama Atieno alinifungia samaki mkavu kwenye gazeti. "Nimetoa miiba," alisema, na sote wawili tukajua si kweli.

Nikiwa Isebania alinipigia simu. Ilikuwa ndiyo saratani tuliyoiogopa, na dawa zilikuwa zimeanza. Baadaye alipiga tena: njia ni ndefu bado, lakini shavu limeshuka, na Awino amegombana na muuguzi kwa sababu ya uji.

Wenzangu niliwafundisha yote, lakini nilianza na swali lile. Wiki hiyo mama mmoja aliniletea mwanawe, Chacha, mwenye kikohozi, akagusia tu kwamba ana jino linalotikisika. Nilimtolea macho mama huyo. Niliinama, nikauliza, "Jino lipi?"

Chacha alicheka, akalionyesha. La mbele.

Nilimgusa taya pande zote mbili. Palikuwa laini na sawa. "Anakua tu," nilimwambia mama yake.

"Yaani ni kwa hilo tu ulinitolea macho hivyo?"

"Ndiyo," nilisema, nikarudi kwenye kikohozi.