Mistari Niliyoiruka

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Nilipobatizwa Usabato nikiwa darasa la sita, nilifurahi kupata Maandiko ya kuniunga mkono: samaki asiye na magamba haliwi. Kamongo aliyekuwa akichemka jikoni kwa mama nikamwita uchafu, mbele ya mama mwenyewe. Alikula peke yake. Nikikumbuka nilivyobinua mdomo siku ile, natamani mtu angenizaba kofi.

Boma letu lilikuwa Nyatike, si mbali na migodi ya Macalder. Kaka yangu hakuingia darasani hata siku moja. Alisukuma vitoroli vya mawe mgodini kabla ndevu hazijamwota, na jasho lake ndilo lililonisomesha. Mgodi ulipoanza kupunguza watu, akaenda Homa Bay walikokuwa wakiandikisha askari, akashindanishwa mbio uwanjani na wenzake, akachukuliwa. Mwaka haukuisha akapelekwa kaskazini, kwenye vita vya shifta, mpakani na Somalia.

Jeshini ndiko alikofundishwa kuandika, na alifundishwa kwa Kiswahili. Basi barua zake zikaja kwa Kiswahili kwenye nyumba ya Wajaluo ambamo baba na mama hawakujua herufi hata moja. Msomaji nikawa mimi. Baba alikaa kwenye kigoda chake, mama akafuta mikono, majirani wakaitwa, nami nikasimama katikati nikigeuza kila sentensi kwa Dholuo. Nilijiona mhubiri kabisa.

Barua za kwanza zilidondosha mchanga ukizikunjua. "Huku hakuna mti ya kukaa chini yake," aliandika. "Maji iko na wadudu, tunachuja na soksi." Wanawake walicheka soksi hiyo mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuweza kula mchana ule.

Kisha ikaja ile nyingine. Niliichukua dukani Macalder, nikaisoma njiani nikiwa peke yangu, kama nilivyozoea.

"Baba, mama, na wewe nyaminwa, salamu sana. Mimi nilipiga mzee moja risasi kwa kisima. Alibeba kitu kwa bega, nikaona ni bunduki. Ilikuwa kibuyu. Sisi tulikuwa na kiu siku mbili. Damu ilikuwa kwa mdomo ya kibuyu, nikapangusa na mkono, nikakunywa. Mpaka leo nasikia hiyo ladha. Nyaminwa, ambia baba nakuja likizo mvua ikianza. Mbuzi ingoje nje ya lango, na wembe. Siwezi kuingia hivi."

Nyaminwa, dada yake wa tumbo moja, ndiye mimi. Nilitema mate pale njiani, nikanawa mikono kijitoni, nikanawa tena. Kilichonichefua hakikuwa yule mzee aliyekufa. Ningependa kusema ni yeye, lakini si yeye. Ni yale maji.

Kwetu mtu aliyemwaga damu vitani hapiti langoni hivi hivi. Husimama nje mpaka achinjiwe mbuzi na kunyolewa kichwa, asije akawaletea watoto wa boma maradhi ya yule aliyekufa. Tena haruhusiwi kusema jambo hilo kwa kinywa chake akiwa langoni. Habari lazima imtangulie, ili baba yake aamue. Baba akimkubali, mbuzi atakuwapo. Asipomkubali, hapatakuwa na mbuzi, hata akikaribishwa kwa maneno mazuri mbele ya watu, na mtu huyo atajua.

Haya yote niliyajua. Na niliyaita upagani, neno lililonijaa mdomoni siku hizo kuliko mate. Jioni ile nikasimama mbele ya watu, nikasoma salamu, nikasoma likizo, nikafika kwenye kisima, nikaruka. Mbuzi nikamruka pia. "Anasema anakula vizuri," nikamalizia, nikakunja karatasi. Baba akacheka kwa furaha. Mama akaanza kunenepesha jogoo.

Alifika siku ya pili ya mvua. Alisimama nje ya ua na sanduku lake la bati kichwani, amekonda, shingo imekuwa ya mzee. Mama alipiga vigelegele akamkimbilia. Kaka akarudi nyuma hatua mbili.

"Usiniguse, mama."

Mama akacheka, akidhani ni mzaha wa kijeshi. Kaka akatazama kulia kwa lango, akatazama kushoto. Pale palikuwa na matope tu na kuku wetu wawili. Baba akatoka, akasimama ndani ya lango akamnyooshea mikono.

"Ingia, mwanangu. Mvua hiyo."

"Baba, barua yangu ilifika?"

"Ilifika. Dada yako alitusomea."

"Yote?"

Baba akanigeukia. Kaka naye akanitazama. Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi, na mbuzi walikuwa zizini, wanne, nawaona mpaka leo. Nilichofikiria ni majirani, na sifa yangu ya usomi, na vile ningelazimika kulitamka lile neno kibuyu mbele yao.

"Yote, baba," nikasema.

Kaka alitua sanduku chini. Akatoa shuka ya mama na viatu vya baba, akaviweka juu ya jiwe nje ya ua, taratibu. Kisha akajitwika sanduku, akashika njia aliyojia. Mama alimfuata akilia mpaka kwenye kijito. Baba alibaki langoni mikono ikiwa bado mbele yake, halafu akasema jeshi limemtia mwanawe kiburi. Hakuvaa vile viatu.

Mficha maradhi kilio humfichua, husema watu. Mimi hakijanifichua, na hilo ndilo linalonitia kinyaa. Kaka alipoacha jeshi alikwenda Kisegi, ufukweni mwa ziwa, kuvua samaki, asubuhi ukianza safari jioni umefika, wala hakuja. Alikuja baba alipokufa, kabla miaka ya sitini haijaisha. Alisimama nje ya ua, akatupa udongo wake wa kuzika kupitia juu ya miti ya ua, upande wa kaburi.

Nilimpelekea chakula huko huko. Hakukigusa. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali miaka yote hiyo, "Nyaminwa, siku ile uliposoma mambo ya kisima, baba alisema nini?"

Sahani ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamjibu kwamba baba hakusema kitu.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru.