Galoni Moja Kutoka Kaptagat

Siku nilipoliona gari lile kwa mara ya kwanza nilidhani nusu yake imesahaulika stesheni. Lilikuwa limefika Eldoret kwa treni, nasi wakati ule mji tuliuita Sisibo, na mume wangu ndiye aliyetumwa kulileta shambani. Tulizoea lori la Bwana, ambalo ukisimama kando yake huoni upande wa pili. Hili lilinifika kifuani. Lilikuwa la rangi ya majivu, na taa zake mbili zilikaa mbele kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nusu nyingine iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndilo hili lote," akasema. "Ukitaka kubwa, nenda ukaolewe na treni."

Mume wangu tumemzika mwaka huu, kabla ya mvua kuanza. Watoto wameniomba niandike habari zake, kwa kuwa mimi nilisoma madarasa manne misheni na ninaweza kushika kalamu. Mambo yake ni mengi. Nimechagua hili la gari dogo, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo sijamwambia mtu.

Tulikaa upande wa Kaptagat, katika shamba la Kaburu mmoja, ndiye huyo Bwana, miaka michache baada ya wanaume kurudi kutoka vita vya Hitler. Mume wangu alijifunza udereva jeshini. Mimi nilikuwa yaya wa mtoto wa Bwana. Sote wawili tulitoka magharibi, na hapo kwenye baridi tulikuwa wageni, hatukuwa na shamba wala ukoo. Tulichokuwa nacho ni kazi, na kazi ilikaa ndani ya kipande, ile karatasi ambayo kila mwanamume alivaa shingoni katika kikopo. Bwana akiandika humo neno moja baya, hakuna shamba lingine litakalokuchukua.

Gari lenyewe halikuwa na vitu vingi. Mume wangu alinizungusha akinionyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba mpya. Halikuwa na joto ndani; asubuhi za Kaptagat ulipanda na blanketi yako. Wipa ilikuwa moja, mbele ya dereva tu, mwenzake akaone mvua. Viti vya nyuma vilitosha mimi na mtoto na kikapu kimoja. Lakini ubavuni kulikuwa na mikono miwili midogo ya rangi ya machungwa. Ukitaka kukata kona unabonyeza, na mkono mmoja unainuka wenyewe na kuonyesha njia. Nilimwomba aurudie mara tatu. Sikuona haya. Hata leo sijaona kitu cha chuma kilicho na adabu kama ile.

Kitu kingine ambacho halikuwa nacho ni saa ya kuonyesha petroli. Kwa hiyo Bwana alichonga kijiti cha mti wa mzeituni. Alilisimamisha gari mbele ya stoo, mahali palipo sawa, akalimwaga tangi likauka, kisha akamimina galoni moja, akachovya kijiti, akakata alama pale unyevu ulipofika. Akamimina ya pili, akakata. Hivyo mpaka tangi likajaa. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu alilijaza kwa mpira kutoka pipani, pale pale mbele ya stoo, mpaka alama ya juu, na kila Jumamosi jioni alichovya aone ni galoni ngapi zimekwenda. Kisha alitazama ile saa ya maili, akafungua kitabu kilichokuja na gari. Kitabu kilisema galoni moja ni maili arobaini.

Miezi ya kwanza hesabu haikuwa mbali sana na kitabu. Bwana alifurahi hata akaimba.

Kisha mvua ikaja, na betri ikaanza kuchoka. Asubuhi gari lilikataa kuwaka. Mume wangu aliizungusha injini kwa hendeli, kile chuma cha kuingiza mbele, na siku moja hendeli ikarudi nyuma ikampiga kifundo cha mkono, akafunga kitambaa majuma mawili. Baada ya hapo akafanya kama madereva wote wa milimani walivyofanya. Jioni aliliegesha kwenye mteremko kando ya nyumba ya maziwa, pua ikitazama chini, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi anaondoa jiwe, gari linateremka lenyewe, anaingiza gia, linawaka. Hakuna hendeli, hakuna maumivu. Sote tuliona ni akili nzuri.

Ndipo petroli ikaanza kupotea.

Jumamosi ya kwanza Bwana alichovya kijiti mara mbili. Ya pili akamwita mume wangu mbele ya watu wa maziwa. Nilikuwa barazani na mtoto, nikasikia yote.

"Kitabu nasema arobaini," Bwana akasema. "Kijiti nasema ishirini na tano. Sasa nani nakunywa ile ingine?"

"Sijui, Bwana."

"Wewe dereva. Kama wewe hapana jua, nani najua? Ng'ombe?"

Watu wa maziwa wakacheka, maana ilibidi wacheke. Bwana akamwambia anampa mpaka mwisho wa mwezi. Petroli ikiendelea kupotea, ataandika kwenye kipande chake kwamba ni mwizi.

Kuanzia siku hiyo mume wangu hakupita kwenye nyumba ya maziwa bila kupata maneno. "Dereva, leo chai ni ya maziwa au ya petroli?" "Mzee, usikae karibu na moto, utatulipukia." Yeye alicheka nao. Lakini chakula alikiacha nusu.

Sasa niseme nililosema nitasema. Mimi pia nilimshuku.

Nguo zake zilinuka petroli, na za dereva gani hazinuki? Lakini shaka ikishaingia, hata harufu ya jana inakuwa mpya. Mjini alikuwa na rafiki wa kanisani mwenye pikipiki, na nikaanza kufikiri juu ya ile pikipiki, inakunywa nini. Siku moja alipokwenda Sisibo na Memsaab, mke wa Bwana, nilitafuta nyumbani kwetu. Nilitazama chini ya kitanda. Nilipanda juu ya kigoda nikapapasa darini. Mwishoni nilitia mkono ndani ya lile jikapu kubwa la mahindi, mpaka begani, nikitafuta kopo au chupa. Hapakuwa na kitu. Nilisawazisha mahindi juu, nikaona ni kama yalivyokuwa.

Jioni aliporudi alisimama mbele ya jikapu kitambo.

"Panya wa nyumba hii," akasema, "wana mikono mikubwa."

Nilikuwa nakoroga ugali, nikaendelea kukoroga hata baada ya kuiva.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Bwana kuomba lijaribiwe. Alisema tangi limwagwe, itiwe galoni moja tu, Bwana akae mbele kando yake, na waende mpaka gari life lenyewe. Bwana akakubali. Mtoto alikuwa apelekwe kwa nyanya yake, mama wa Bwana, aliyekaa ng'ambo ya Sugoi, na hiyo ilikuwa njia ndefu ya kutosha. Kwa hiyo nami nilipanda, mtoto mapajani, na miguuni kopo la galoni nyingine ya kutufikisha gari likishakufa.

Niliiona ile galoni ikimiminwa. Ilikuwa maji kidogo tu. Kibuyu changu cha maziwa kingeimeza yote. Nikafikiri: hii haitatutoa hata kwenye mikaratusi ya lango.

Tulitoka asubuhi, umande ungali kwenye ngano. Nilikuwa nimepanda na mume wangu mara nyingi, lakini siku ile ndiyo nilimwona akiendesha. Mguu wake ulikaa juu ya mafuta kama mtu aliyekanyaga yai na hataki livunjike. Mlima ukija aliuona kutoka mbali, akaukimbilia mapema, tukaupanda na mbio zetu zikaisha pale pale kileleni. Ukija mteremko alitoa gia, na gari likashuka kimya, upepo tu ukipiga kioo. Palipo na matope alipita ukingoni penye majani. Hakugusa breki kama angeweza kusubiri. Bwana alikuwa na kitabu chake magotini, macho kwenye saa ya maili, na kila maili aliandika kistari kwa penseli.

Tulifika Sisibo, maili kumi na nne. Tukavuka daraja la Sosiani, tukapita maduka ya Wahindi na kanisa, tukatoka upande wa pili. Galoni ile ile.

Baada ya mji niliitambua njia. Ndiyo njia niliyokuja nayo nikiolewa, kwa miguu, na mzigo kichwani, na shangazi yangu mbele yangu. Kutoka pale Sugoi mpaka shambani tulitembea siku mbili. Niliujua mti tulioegemea, niliujua mto ambapo miguu yangu iliwaka moto nikailoweka. Sasa vitu hivyo vyote vilikuja dirishani na kuondoka kabla sijamaliza kuvikumbuka. Watu wazima watatu, mtoto, kikapu na kopo, tulibebwa na maji yanayotosha kibuyu kimoja. Nilisahau kwamba tulikuwa kwenye kesi. Nilisema kwa lugha ya nyumbani, polepole, "Mungu, umeficha nini ndani ya kitu hiki?" Mume wangu alinisikia. Nilimwona akitabasamu kwenye kile kioo kidogo.

Maili ishirini na tano zilipopita, Bwana alikata kistari chake, akakitazama. Ishirini na nane. Thelathini. Nilikuwa nimeshika mguu wa mtoto kwa nguvu hata akalia.

Ilikuwa thelathini na nne gari lilipokohoa. Tulikuwa tumefika juu ya mteremko mrefu, na paa jekundu la nyumba ya nyanya wa mtoto lilionekana chini. Gari likakohoa tena, likanyamaza, lakini halikusimama. Mume wangu aliliachia literemke.

"Simama," Bwana akasema. "Hii hapana hesabu. Hii hapana petroli."

"Bwana, mteremko ni wa Mungu. Huu sikuuiba."

"Simama!"

Mume wangu akavuta breki ya mkono. Tukasimama katikati ya mteremko, pua chini. Bwana alihesabu vistari vyake tena. Kisha akasema, si kwa hasira, "Thelathini na ine. Hapana arobaini."

"Kitabu kiliandikwa kwao, Bwana, kwa barabara ya lami," mume wangu akasema. "Hawakuandikia Kaptagat, na matope, na baridi ya asubuhi. Hii ndiyo arobaini ya hapa."

Bwana akakubali kwa kichwa. Lakini alibaki ameshika kile kijiti alichokuja nacho. Thelathini na nne haikuwa arobaini, wala haikuwa ishirini na tano, na kijiti chake kilikuwa kimesema ishirini na tano Jumamosi baada ya Jumamosi. Mimi niliwaza, atasema leo umeendesha vizuri kwa sababu nimekaa hapa.

Mume wangu alichukua kopo lililokuwa miguuni mwangu, akamimina ile galoni ya pili ndani ya tangi, yote, mpaka tone la mwisho. Bwana, kwa mazoea tu, akatumbukiza kijiti. Akakitoa. Akakigeuza kwenye jua.

Ncha ndiyo iliyolowa. Haikufika hata karibu na alama ya kwanza.

Alitazama kopo tupu. Alimtazama mume wangu, ambaye hakuwa ameondoka pale hata hatua moja. Kisha akalitazama gari lenyewe, jinsi lilivyoinama, tundu la tangi nyuma likiwa juu, na petroli yote, bila shaka, ikiwa imekimbilia mbele.

Akakifuta kijiti kwenye suruali yake.

"Peleka chini," Bwana akasema mwishowe. "Kwa sawa."

Tuliteremka mpaka uani kwa mama yake, palipo tambarare. Akachovya tena. Unyevu ulifika kwenye alama ya kwanza, barabara, kama ulivyofika siku aliyoichonga. Alikaa juu ya ngazi ya mama yake na kofia mikononi. Kila Jumatatu alipima mbele ya stoo penye usawa. Kila Jumamosi alipima kando ya nyumba ya maziwa, kwenye mteremko. Mwizi alikuwa ule mlima wetu wa kuwashia gari.

Hakuomba msamaha. Watu wa namna ile hawakutuomba msamaha. Lakini aliinuka, akampa mume wangu kijiti, akasema, "Sasa wewe napima. Mimi hapana pima tena." Na tuliporudi, Jumamosi iliyofuata, alimwambia mbele ya watu wa maziwa, "Petroli iko yote." Ndiyo maneno matatu. Mume wangu aliyarudia nyumbani mara nyingi, kwa sauti ya Bwana, tukacheka. Kipande chake kilibaki safi mpaka siku vipande vilipokwisha.

Jioni ile tuliporudi kutoka Sugoi, nilikuwa napika. Alipita kwenye jikapu la mahindi, akatia mkono mpaka begani, akaupapasa huku na huku, akautoa.

"Panya wamehama?" akauliza.

"Wamehama," nikasema.

Hatukulitaja tena, miaka yote. Nilidhani ipo siku nitamwambia kwa maneno yaliyonyooka, kisha watoto wakazaliwa, tukahama, tukajenga, na siku haikufika.

Kwenye mazishi watu walisimama mmoja mmoja. Wote walisema kwamba hakuchukua cha mtu. Walinitazama ili nikubali kwa kichwa, mke wake, anayemjua zaidi, nami nikakubali. Ni kweli. Lakini wao walimjua hivyo bila kupima. Mimi nilipima, na nilipima mahali palipoinama.

Kijiti kiko darini, pale alipokiweka. Nimekishusha leo nikakinusa. Harufu imekwisha, alama bado zipo.