Mawe ya Mlima wa Rhotia

Nakumbuka vizuri siku uvumilivu wangu ulipokwisha, mwanangu, kwa sababu ulikuwa mgongoni kwangu, umelala. Lori la vitunguu kutoka Mang'ola lilikuwa limeharibikia kwenye kona, pale mlima unapoanza kuwa mkali. Utingo alikuwa amesukumia mawe makubwa nyuma ya matairi ili lisirudi nyuma. Lilipotengemaa, dereva akawasha, utingo akadandia, wakaondoka. Mawe wakayaacha barabarani.

Wote walikuwa wakifanya hivyo. Jiwe likishakusaidia, si lako tena. Masika yaliyotangulia Landrova ilipanda mawe ya namna hiyo ikapinduka, tukamzika mwalimu wa shule yetu pamoja na mkewe. Tangu hapo nikawa nawaomba madereva kwa adabu. Siku hiyo nilipiga kelele.

"Shemeji! Mawe yako!"

Utingo akacheka juu ya magunia. "Hayo ya serikali, mama! Waachie wenye barabara!"

Nikaanza kutukana. Sekondari nilisoma, maneno ninayo, na yote niliyamwaga vumbini. Bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa akipalilia mahindi kando ya barabara. Akanijia na jembe lake.

"Umemaliza?"

"Bado, Mama."

"Utamalizia baadaye. Basi la Arusha linakuja, na mumeo yumo. Shika huku."

Tukasukuma. Jiwe la kwanza halikutusumbua. La pili lilikuwa limekandamizwa ardhini na uzito wa lori. Bibi yako akachomeka mpini wa jembe chini yake, akaulalia kwa kifua, nami nikasukuma kwa bega huku wewe umeamka unalia. Jiwe likageuka, likaporomoka mtaroni. Hapo hapo tukasikia injini.

Basi lilitokea kwenye kona kama nyumba iliyong'oka, limeinama, mizigo ya juu inayumba. Likapita pale pale jiwe lilipokuwa. Nilichokiona madirishani hakijanitoka hadi leo: mama ananyonyesha, mzee amesinzia mdomo wazi, msichana anacheka, na baba yako anamenya chungwa. Anamenya chungwa, mwanangu! Hakuna hata mmoja aliyejua.

Vumbi lilipotulia, bibi yako alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye udongo.

Jioni redio ikasema vifo na majeruhi barabarani nchini vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Mtangazaji akasoma harakaharaka, akaingia kwenye bei ya pamba. Mimi nikabaki na nchi nzima kichwani: milima yote, kona zote, kila moja na jiwe lake, na watu wanamenya machungwa. Nikaogopa kama nilivyoogopa utotoni nilipofikishwa ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, nikatazama chini, nikaona dunia haina mwisho.

Kwa hiyo nakuambia. Ukikuta hatari njiani, iondoe kwanza, kasirika baadaye. Lakini kasirika kweli, usije ukazoea. Ukiwa ndani ya gari lililoacha jiwe, mwambie dereva asimame, hata abiria wakikuzomea. Anayekuja nyuma humjui, na yeye hakujui, ila maisha yake umeyashika wewe. Mungu akutangulie kwenye kila kona, na aliyepita mbele yako awe amekukumbuka.

Kesho yake asubuhi nilikubeba hadi kituo cha polisi Karatu. Namba ya lori nilikuwa nayo kichwani. Askari akashika kalamu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Aliyeumia?"

"Hakuna."

Akaiweka kalamu mezani. "Sasa, mama, unalalamikia nini?"

"Andika, afande. Mimi, Mama Anna wa Rhotia, namlalamikia dereva wa lori hili, aliyeacha mawe yake kwenye kona, mchana kweupe, akijua kuna watu nyuma. Hakuna aliyekufa. Na hilo liandike. Safari hii nimewahi."