Muhogo Uliotoboa Paa

Ninyi vijana mutakaosoma karatasi hizi, someni polepole, kwa sababu mimi sirudii. Shule nilisoma kidogo tu kwa masista. Walipoona najua kuandika jina langu na sala, wakasema imetosha, nikarudi shambani. Kwa hiyo musitafute hapa maneno ya kupendeza.

Najua munanicheka ninapozunguka bustani asubuhi na kugeuza majani, juu na chini, kama mutu anayetafuta chawa katika kichwa cha mutoto. Munasema bibi anaongea na mboga. Siongei na mboga. Naangalia ipi inaumwa na ipi haiumwi. Inayoumwa naing'oa, hata kama imebeba. Ile ambayo wadudu wamekula jirani zake wote wakairuka yenyewe, hiyo ndiyo naweka mbegu. Lakini kabla ya kuiweka najiuliza: kwa nini wameiruka? Swali hilo liliniingia kwa njia mbaya, na sasa nitawaambia namna lilivyoingia.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Mimi nilikuwa nimeolewa upande wa Kabambare, na nilikuwa na mutoto mumoja, musichana, aliyeanza kutembea. Tulikaa kando ya barabara, maana Bulamatari, ndivyo tulivyoita serikali ya wazungu, ilikuwa imevitoa vijiji porini na kuvipanga barabarani ili ituhesabu vizuri. Bwana yangu alishinda katika pamba ya lazima. Chakula kilikuwa kazi yangu na mama mukwe.

Basi mihogo yetu ikaumwa. Majani yalikunjamana kama ngumi ya mutoto muchanga, yakatoka madoa ya manjano. Ukichimba, unakuta mizizi myembamba kama vidole vya muzee. Na shina moja moja lililojaliwa kunenepa, nguruwe wa pori walikuwa wamelifikia kabla yetu. Agronomu, bwana shamba wa serikali, alipita akasema: ng'oeni yote, muchome, mupande miti mizima, vipande vya shina visivyoumwa. Alisema kweli. Lakini miti mizima tungeitoa wapi? Kijiji chote kilipanda kwa kupeana miti, dada kwa dada, shemeji kwa shemeji, na ugonjwa ulikuwa umepita humo humo mikononi mwetu.

Mutoto wangu akavimba miguu. Nywele zikawa nyekundu na laini. Akaacha kutembea, akakaa pale unapomuweka. Halafu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mutoto anayelia kwa njaa bado anakudai kitu. Huyu alikuwa ameacha kudai.

Mama mukwe alikuwa mwanamuke wa maneno machache. Asubuhi moja alimutazama mutoto, akanitupia panga. "Beba na kikapu. Tunavuka muto, tunaenda kwenye matongo."

Matongo ni mahali palipokuwa kijiji, sasa hakuna watu. Yale ya ng'ambo yalikuwa ya watu tusiozoeana nao. Tulikuwa tunawacheka, tunasema ni watu wa chakula kinachonuka. Malale yaliwapiga, ule ugonjwa wa usingizi, mutu anasinzia tonge likiwa mukononi, mpaka siku haamki tena. Waliobaki walichukuliwa na Bulamatari wakapelekwa kukaa mbali, njia ya kwenda Wamaza. Tangu hapo hakuna aliyevuka, hata wawindaji.

Tulifika jua likiwa kichwani. Nyumba zilikuwa zimelala chini, majani yamezifunika. Moja tu ilikuwa imesimama, na juu ya paa lake niliona mutu. Alikuwa amesimama wima, mikono wazi, anatutazama. Nilishika nguo ya mama mukwe.

"Ni muhogo," akasema. "Fungua macho."

Ulikuwa muhogo kweli. Mwenye nyumba alifunga muzigo wa miti ya kupanda, akausimamisha kwenye pembe ndani ya nyumba, kama tunavyofanya sisi wote tukingoja mvua. Kisha wakaja kuwachukua, na muzigo ukabaki. Miti ikaota humo humo. Ikashuka chini, ikapanda juu, ikatoboa paa na kutoka nje. Ndani udongo ulikuwa umeinuka kama mutu amelala chini ya mukeka. Mawe ya jiko yalikuwa bado matatu, nyungu imefunikwa juu yake. Na majani yale, wajukuu zangu! Hakuna doa. Hakuna tundu. Sikuona hata siafu mumoja. Pori lote lilikuwa linalia wadudu, lakini pale ndani ya ukuta palikuwa kimya.

Mama mukwe aliinama mulangoni. "Angalia nyayo."

Nguruwe walikuwa wamefika, wengi, mara nyingi. Nyayo zao zilikuja mpaka kwenye ukuta uliobomoka, mahali mizizi inapoonekana, na zote zilikuwa zimegeuka.

"Mama, wameogopa nini?"

"Mimi si nguruwe. Nitajua wapi?"

Akasimama mulangoni, akapiga hodi kama nyumba iko na watu. "Mwenye nyumba, tuna mutoto anayekufa. Tunachukua miti na chakula. Hatuibi, tunaomba." Akafungua kifundo cha nguo, akaweka chumvi kidogo juu ya jiwe la jiko. Wakati ule chumvi ilikuwa kitu cha kuficha. Tukangoja. Niliuliza, "Na kama angejibu?"

"Ningemushukuru. Kata."

Tulikata miti, tukachimba. Mizizi ya zamani ilikuwa imekuwa kuni, lakini pembeni kulikuwa na mipya, minene, myeupe. Maziwa yake yalinata mikononi, hayakutoka hata kwa muchanga wa muto.

Nyumbani watu walikuwa wamekwisha kusikia. Wifi yangu, dada ya bwana yangu, alisimama kwenye kiwanja, mikono kiunoni. "Mama, unaleta nyumbani chakula cha wafu?"

"Basi wafu walikula vizuri kuliko wewe. Tazama unene wa muhogo huu."

"Mutoto akila, mwenyewe atakuja kumudai."

"Atanidai mimi kwanza. Mimi ndiye ninayeonja."

Sisi tulizoea mihogo mitamu: unachoma kwenye makaa, unapangusa majivu, unakula. Akafanya hivyo hivyo, mbele ya wote, ili kuwafunga midomo. Akauma, uso ukakunjamana. "Iko chungu kidogo. Ni moshi." Akamaliza muzizi muzima, na wa pili. Mimi nilikuwa nimemupakata mutoto, kipande kiko mukononi. Akaniambia, "Usimupe mpaka nikuambie."

Akakaa. Watu wakaanza kutawanyika, wengine wanamucheka wifi. Kisha mama mukwe akasema kichwa chake kinazunguka. Akatoka jasho kama ametoka mutoni. Akatapika, pumzi ikawa fupi, midomo ikageuka rangi. Nilimuuliza, mama, nimupe? Alinitazama, mudomo ukachezacheza, neno halikutoka. Alikufa jua likiwa bado juu.

Hakuniambia nimupe. Sikumupa.

Tulimuzika, tukanyoa vichwa. Hakuna aliyepita karibu na kile kikapu. Mizizi ilibaki nje, na kuku wetu, waliokula hata mavi, walipita pembeni yake. Niliwaona kwa macho yangu. Wifi aliimba wimbo mumoja tu: mwenyewe amekuja kudai. Bwana yangu akachukua muzigo wa miti apeleke motoni.

"Acha kwanza," nikamuambia. "Niende Wamaza, kwa wale waliobaki."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza walikuwa wanakula namna gani."

"Walikula wakafa!"

"Walikufa na malale, baba. Muhogo wao haukufa."

Alikuwa mwana aliyetoka kuzika mama yake, sikumulaumu. Alimutazama mutoto aliyekaa pale nilipomuweka. Akasimamisha muzigo ukutani. "Ukirudi bila neno la kueleweka, nachoma. Na wewe usitaje tena ng'ambo ya muto katika nyumba hii."

Nilimuachia jirani mutoto, na ndizi kidogo za kumupondea, nikaenda kwa miguu. Kule njia ya Wamaza, watu wa matongo walipangwa nyumba chache, mwishoni kabisa. Nilimukuta mwanamuke anatwanga, hakunizidi umri sana. Nikamupa salamu, nikaeleza: muto, nyumba moja iliyosimama, muhogo umetoboa paa.

Mutwangio ukasimama hewani.

"Kwenye pembe ya kushoto ukiingia?"

"Ndiyo, dada."

"Nyungu imefunikwa juu ya jiko?"

"Ndiyo."

"Ile nyumba ni yangu. Nyungu niliifunika mimi asubuhi ile waliyokuja kutuchukua." Akanitazama kwa furaha, kama nimemuletea habari za watoto wake. "Mihogo haijaumwa?"

"Haina hata doa. Tulijua mwenyewe amekufa."

"Wengi wananijua hivyo. Na muhogo mulifanya nini?"

"Tulichoma."

Akacheka, akapiga mapaja. "Mulichoma! Watu wa barabarani!" Kisha macho yake yakafika kwenye kichwa changu kilichonyolewa, kicheko kikakatika. "Nani?"

"Mama mukwe."

Akakaa chini, akanivutia mukeka, ndipo akanifundisha. Menya mpaka ngozi ya ndani itoke yote. Loweka katika maji, weka jiwe juu, ngoja mpaka kidole kizame ndani bila nguvu na harufu ikufukuze. Toa, kamua, vuta nyuzi, anika juani mpaka ivunjike kama udongo mukavu. Hapo twanga. Maji yale mwaga mbali, mbuzi wasinywe. Na sombe, yale majani yake, twanga sana, chemsha sana, nyungu wazi. Akanipikia bugali, akala, nikala.

Nikamuuliza namna alivyopata muhogo wa namna ile.

"Ni bibi yangu, na mama yangu, na mimi," akasema. "Kila kuvuna, shina ambalo panya ameonja, haturudishi muti wake. Shina ambalo nguruwe amechimba, haturudishi. Lililokunja jani, tunachoma. Tuliendelea hivyo mpaka ukabaki ule usioliwa na kitu. Hata sisi ulikuwa haututaki. Wa kwanza katika ukoo wetu walizikwa kama mama yako." Akaokota punje moja iliyoruka kutoka kwenye kinu, akairudisha. "Shamba letu halikupata ugonjwa wowote, dada. Tuliugua sisi."

Maneno hayo yalinifuata njia nzima. Na kule kwenye matongo ilinipasa kurudi peke yangu, maana mizizi ya kwanza ilikuwa imeoza. Ningetegemea kuwa na moyo, kwa kuwa sasa najua mwenyewe iko hai, anatwanga, anacheka. Lakini niliogopa kuliko mara ya kwanza. Nilipiga hodi, kisha nikakumbuka hakuna wa kumupigia. Juu ya jiwe la jiko chumvi haikuwako. Mvua ilikuwa haijanyesha. Labda ni kipanya. Lakini hakuna kipanya kilichokuwa kinaingia pale. Nilichimba haraka, mugongo ukielekea ukuta, na sikuitazama nyungu.

Nililoweka kwenye maji yaliyosimama, chini ya kijiji. Harufu ilipanda mpaka barabarani. Kapita, musimamizi wa kijiji, alikuja akiwa ameziba pua. Wifi akapiga kelele, "Sasa umeleta maiti yenyewe!"

"Ngoja niipike, nikukaribishe."

"Mimi? Nitakula majani ya barabarani kwanza."

Nilifanya yote kama nilivyoambiwa, sikukata njia hata kidogo, ingawa mutoto alikuwa amefikia kulala macho wazi. Nilisonga bugali, nikapika sombe na samaki wadogo wa muto. Nikala peke yangu kwanza, nikakaa mulangoni ambapo kila mutu ananiona. Kivuli cha nyumba kikasogea mpaka kikavuka njia. Niliusikiliza mwili wangu kama mutu anayesikiliza hatua nje ya nyumba. Hakuna kilichokuja. Nikamulisha mutoto. Alimeza, akangoja, akameza. Nilipovuta sahani ili asivimbiwe, alilia. Alilia kwa hasira, ngumi zimekunjwa. Bwana yangu alitoka ndani mbio akifikiri ni kifo, akakuta mutoto anadai. Aliketi chini, akafunika uso.

Kesho yake alichukua jembe, tukapanda ile miti pamoja. Musichana yule alitembea tena. Ni mama yenu mukubwa, munamujua.

Shamba lile halikuumwa hata mara moja. Pande zote watu walilinda usiku na madebe, sisi tulilala. Asubuhi tunakuta nyayo za nguruwe zimefika mupakani, zimegeuka. Wifi alisema ni mama amesimama pale anawafukuza. Bwana yangu alizitazama nyayo zile, akarudi nyumbani na njia nyingine. Mimi pia, nawaambia kweli, sikupenda kusimama katikati ya shamba lile muchana wakati upepo umenyamaza. Ni kitu kibaya kusikia ukimya wa mahali ambapo hakuna kinachotaka kula isipokuwa wewe.

Njaa iliendelea kijijini, watu wakaanza kuja kuomba miti. Walikuja na haraka, wanataka kufunga muzigo na kwenda. Mumoja nilimusikia njiani anamuambia mwenzake, tukifika tu tunachoma kidogo tuone. Siku hiyo niliita wote wa nyumba yangu, bwana yangu akiwemo, na wifi, nikawapa amri:

"Katika nyumba hii hakuna kumupa mutu muti wa muhogo mukononi. Anayetaka, akae. Amenye hapa, aloweke hapa, atwange hapa, ale mbele yetu, alale, aamuke. Ndipo mumukatie. Anayesema hana nafasi ya kukaa, mumuonyeshe njia, arudi mikono mitupu, hata kama ni ndugu yangu wa tumbo moja."