Katibu Aliyekwenda Kuwaona Farasi

Katibu wa kanisa hakuwa mtu wa kukosa maneno, lakini asubuhi ya mazishi ya Mzee Kwato ulimi ulimganda. Mjane alimfuata mlangoni pa kanisa, akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji, wewe ndiye utakayemzungumzia marehemu. Usiniambie hapana."

"Mimi tena? Shemeji, si wapo wazee..."

"Hao hawajawahi kukanyaga kazini kwake. Wewe ulikwenda kuwaona farasi wake. Siku ile alirudi nyumbani kafurahi mpaka chakula kikapoa. Hadi anakufa alikuwa akisema, kanisa zima ni Katibu peke yake aliyewahi kuja kuwaona."

Katibu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Huyu Mzee Kwato, kwa msiomjua, alitunza farasi wa mashindano kwa miaka thelathini na ushee. Jina hilo alipewa kwa sababu ukimwuliza habari za nyumbani, atakueleza habari za kwato: yule wa kijivu ana ufa mguu wa nyuma, yule jike anachechemea kidogo, tumwombee. Na kuomba aliomba kwelikweli, si kwa midomo tu. Kila alfajiri, kabla hajashika brashi, alipiga magoti kwenye nyasi kavu akawataja farasi wake mmoja mmoja kwa jina, wamalize siku bila kuvunjika mguu. Ushindi hakuuombea, alisema hilo ni shauri la wenye farasi. Dau hakuweka hata mara moja maishani mwake. Jumapili alioga mara mbili, na bado alikaa benchi la mwisho, karibu na dirisha, asije akamkera mtu kwa harufu ya zizi.

Sasa, mchungaji alipompendekeza awe mzee wa kanisa, nani aliyesimama kupinga? Katibu! Akakohoa, akanyoosha tai, akasema, "Ndugu zangu, mtu anayekula kwa kamari tutamkabidhije Meza ya Bwana?" Kikao kizima kikatikisa vichwa kukubali. Mzee Kwato mwenyewe alikuwa ameketi palepale. Alimtazama Katibu, kisha akainamisha macho. "Kama kanisa limeona hivyo, ni sawa," alisema.

Na miezi miwili tu kabla ya kikao hicho, jamani, Katibu huyohuyo alikuwa amekwenda zizini, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, kuuliza farasi gani atashinda Jumamosi. Mtu mzima hovyo! Mzee Kwato alikuwa ameinama, mguu wa farasi kaubana mapajani, anakwangua matope kwenye ukwato. Akauachia mguu, akanyooka.

"Hilo siwezi kukusaidia, Katibu. Lakini maadamu umefika, njoo nikuonyeshe watoto wangu."

Akamzungusha zizi zima. Akauchukua mkono wake akauweka kwenye shingo ya farasi mweusi, akamwambia asiogope, haumi huyu. Lile swali la kamari Mzee Kwato alilifunga moyoni. Hata mkewe hakumwambia. Siku ya kikao neno moja tu lingetosha kumuumbua Katibu, na hakulitoa. Miaka tisa Katibu aliishi na jambo hilo, na kila alipopita benchi la mwisho alitazama viatu vyake.

Basi akasimama mbele ya jeneza. Watunza farasi walikuwa wamejazana nyuma, mashati yamepigwa pasi. Angeweza kusema maneno mawili matamu akaketi. Aliyekuwa akijua alikuwa amelala ndani ya jeneza.

"Ndugu zangu, mimi ni mwenye dhambi," alianza.

"Amina!" kanisa likaitikia.

"Nilimkosea sana mtu huyu."

"Amina!" Safari hii kwa nguvu zaidi, na kinamama wa kwaya wakaanza kufuta machozi. Walidhani ni unyenyekevu. Loo! Katibu aliona kabisa kwamba akiishia hapo atatoka na sifa juu ya sifa, na aibu ikamchoma mpaka masikioni.

"Hapana, tulieni kwanza," alisema. "Mimi sikwenda kuwaona farasi. Nilikwenda kumwuliza nani atashinda, nikacheze kamari. Alinikatalia, na hakunitangaza. Halafu nikaja humuhumu nikamwita yeye mtu wa kamari."

Hakuna aliyeitikia. Mchungaji aliangalia Biblia yake. Mjane, kwenye benchi la mbele, alimkazia macho Katibu, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo kanisa zima liliisikia:

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyekwenda kuwaona?"

"Hakuna, shemeji," Katibu akasema.