Gunia la Chini ya Kitanda

Leo sokoni Nchelenge, harufu ya chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, ilinisimamisha na mushahara mufukoni.

Nilipokuwa mutoto, shule ilidai feza mwezi wa kwanza, na mwezi ule ziwa limefungwa ili samaki wazae, hakuna anayevua. Basi tangu kiangazi mama alificha gunia la chisense chini ya kitanda, aliuze masomo yakifunguliwa. Sisi tulikula bukari, ule ugali wetu, kwa chumvi, harufu ikitupanda puani. Mudogo wangu akalia, akataka hata kiganja kimoja.

“Ile haiko mboga, mutoto yangu,” mama akamuambia. “Ile ni masomo ya mukubwa wako.”

Mudogo wangu akauliza, “Na yangu iko wapi?”

Mama akapiga magoti, akainua shuka, akachungulia chini ya kitanda, kama mutu aliyesahau gunia la pili.