Papa Yakubu na Ndege Walimolala Kuku

Nilikuwa nakata kitambaa cha nguo ya harusi, kwenye kibanda changu sokoni, wakati kaka yangu Nassoro aliponipigia simu. Hakusalimia. Alisema, "Ramla, funga kibanda, kuja nyumbani." Nikamwuliza kama Papa amezidiwa. Akajibu, "Papa amepumzika. Kuja tu." Nikaweka mkasi mezani, nikasema kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarudi. Mama mmoja, mteja aliyekuwa anangoja nguo yake, akanishika mkono, akalia kabla yangu.

Sitaandika habari za ugonjwa. Nitaandika jinsi baba yangu alivyotafuta ndege yake, kwa sababu tangu siku hizo alicheka kuliko miaka yote niliyomjua, na kicheko kile alipewa na Mungu.

Papa Yakubu alizaliwa hapa Kisangani, katika familia ya mafundi wa mbao. Babu alichonga milango na vitanda, na watoto wake wote walishika randa isipokuwa Papa. Yeye aliingia jeshini enzi za Zaire, akafundishwa kurusha ndege. Ndege ya mafunzo ilikuwa ndogo, imetoka Italia, na ndani yake mwalimu na mwanafunzi wanakaa bega kwa bega. Siku moja pale Bangboka, uwanja wetu wa ndege, mwalimu alishuka, akafunga kioo, akamwambia azunguke peke yake. Papa akaruka, akapita juu ya mto, akarudi salama. Miaka michache baadaye macho yakaanza kumsumbua, jeshi likamwachisha, akaendesha malori hadi uzeeni. Lakini mtaani hakuna aliyemwita dereva. Alikuwa Papa Pilote, yaani rubani.

Mwaka jana daktari alituambia kwamba macho yale yatazimika kabisa, na si mbali. Papa akasikiliza, akamshukuru daktari. Tulipofika nyumbani akasema anataka kitu kimoja kabla ya giza: kukaa tena ndani ya ndege ile.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua iko wapi. Jeshi liliiacha kwenye majani pembeni ya uwanja, vita vikaja, na vita vilipokwisha haikuwepo.

"Alumini ya ndege ni nzuri," Papa alisema. "Nafikiri banaisha kuifanya sufuria."

"Alors pengine ndiyo hii," alijibu Mama Zaina, mama yangu, akikwangua ukoko. "Ndiyo maana wali inaungua mbio."

Nikampeleka Papa Bangboka kwa pikipiki. Tulirudi tena, na tena. Mlinzi mmoja mwenye huruma alituonyesha gamba la ndege nyuma ya bohari. Papa akalipapasa mbele, akapapasa bawa la kulia na la kushoto, akatabasamu. "Hii ilikuwa na moteri mbili. Mi sikukuwa tajiri namna ile."

Sasa, hapa kwetu mtu akionekana uwanja wa ndege mara nyingi, ni msafiri. Na msafiri ni mtumishi wa mtaa mzima. Haikupita wiki, watu wakaanza kuleta mizigo. Mmoja alileta kwanga, ule mkate wa muhogo, mwingine viatu vya mpwa wake aliye Kinshasa, mwingine jogoo mzima aliyefungwa miguu. Tulikataa, wakadhani tunaficha safari. Nassoro alirudisha mizigo mlango kwa mlango kwa toleka, ile baiskeli ya kubebea abiria, huku jogoo akiwika mgongoni kwake.

Wa mwisho alikuwa Mama Hélène, mwanamke wa mto, mzaliwa wa Yanonge, muuza samaki. Aliweka kapu la samaki wa moshi mbele ya miguu ya Papa.

"Hii ni ya binti yangu Larissa. Umupatie yeye mwenyewe. Hapana kupatia bwana yake, ule anakula sana."

"Mama Hélène, mi siendi Kinshasa."

"Papa Pilote, samaki haiko nzito."

"Hata ingekuwa nyepesi. Siendi."

"Basi unafanya nini kila siku Bangboka?"

Papa akamweleza: ndege ndogo, ya kusomea, rangi ya jeshi, huenda imeoza. Mama Hélène akavuta kiti, akakaa.

"Ile iko na kioo huku juu sawa kifuniko? Na pua ndefu?"

"Ndiyo ile."

"Bon. Sasa unasumbuka Bangboka ya nini? Iko kwa René, njia ya Kapalata, kule banatengeneza masufuria. Kuku ya Noeli niliitoa mule ndani."

Papa hakula vizuri siku ile. Aliswali, akakaa na tasbihi yake, na kila nilipopita aliniuliza kama pikipiki ina mafuta.

Asubuhi tukaenda. René ni fundi wa kuyeyusha alumini. Kiwanja chake kilijaa mchanga mweusi, vipande vya injini na masufuria mapya yanayopoa. Aliposikia neno ndege akafuta mikono polepole.

"Mumetoka kwa serikali?"

"Hapana," Papa akasema. "Nimekuja kusalimia kuku."

René akacheka, lakini akatueleza ukweli. Mabawa yalishapikwa zamani. Mwili wenyewe ulibaki kwa sababu kuku walipenda kulala humo, ila sikukuu ilikaribia, watu walitaka masufuria, na wiki ile ile alipanga kuuvunja.

Ulikuwa kando ya ua, hauna magurudumu, umekaa juu ya matofali. Lakini ndege za namna ile zilikuwa kadhaa. Ilikuwa yake au ya mwingine? Papa aliomba tusiseme kitu. Akaingiza mkono ndani, akatafuta mkono wa gesi, ule unaosukumwa ili injini iongeze nguvu. Wakati wa mafunzo kirungu chake kilivunjika, na vipuri kutoka Italia havikuja. Papa akampelekea Babu, naye akachonga kingine cha mti wa mpingo, akaacha kijishimo cha kidole gumba, maana gumba la Papa lilipindishwa na nyundo utotoni. Mkono wa Papa ukafika hapo, ukatulia. Gumba likaingia.

"Al-hamdulillahi," akasema taratibu. Kisha akacheka mpaka kuku wakatoka wote.

Wafanyakazi wa René wakafagia viti. Papa akapanda, akaniita. "Ingia, Ramla. Ile kiti ya mwalimu." Nikaingia na mtandio wangu, mimi ambaye sijapanda ndege hata moja. Akasukuma mkono wa gesi, akaanza kunguruma kwa mdomo, mzee wa watu, na vijana wakapiga masufuria kwa vijiti.

"Tumepanda. Angalia chini. Kule Lubunga. Pale mto Tshopo inaingia. Sasa angalia karakana ya babu yako. Ananiona, lakini anajifanya iko na kazi."

"Anafanya nini, Papa?"

"Anapiga randa mbao moja ile ile."

Tulipotua, René alikuwa amevua kofia. "Papa, nivunje ama niache?"

"Vunja, mutoto yangu. Watu banapika. Nilitaka kuiaga tu."

René akaangalia kuku wake waliokuwa wanarudi. "Hawa hawatakubali," akasema.

Hakuivunja. Ijumaa nyingi baada ya sala nilimpeleka Papa kule, hata macho yalipozimika. Giza lilipokuja hakulalamika. Alisema mahali alipotaka kuona alikwishapaona.

Alifariki alasiri, amelala upande wake, Mama akiwa karibu. Kesho yake Nassoro na wanaume wa msikiti walimwosha, wakamvisha sanda. Sisi wanawake tuliagana naye sebuleni. Nilimbusu paji la uso, nikamwombea. René alikuja na vijana wake wanne. Ni Wakristo, kwa hiyo walisimama nyuma wakati wa sala, kisha wakapokezana jeneza na wengine mpaka makaburini. Nassoro aliingia kaburini, akamlaza kuelekea Kibla. Wakapanga mbao, wakafukia, imamu akasoma dua. Walirudi kabla ya Alasiri, wakanawa, tukawapa chakula.